Orodha ya Kijana wa Masisi Ianzie Mto Lowa

Mwaka 1940, mvulana wa miaka 15 huko Los Angeles, Marekani, aliketi akaandika mambo 127 aliyotaka kuyafanya maishani mwake. Aliitwa John Goddard. Jambo la kwanza lilikuwa kusafiri Mto Nile, la pili Amazon, la tatu Mto Kongo. Nile aliushuka kwa kayaki kati ya 1950 na 1951. Mwaka 1956 akaingia Mto Kongo, safari ambamo mwenzake, Jack Yowell, alikufa maji. Alipofariki mwaka 2013, alikuwa ameshatimiza zaidi ya mambo 100 ya orodha ile.

Sehemu ya maji ya Mto Kongo hutoka Masisi, mashariki mwa nchi ya Kongo. Mto Lowa huanzia kwenye milima iliyo magharibi ya Ziwa Kivu, hushuka hadi Walikale, hupokea maji ya Oso, kisha humwagika katika Lualaba, ambao mbele zaidi huitwa Kongo. Kijana wa vijiji vya kando yake huuvuka akienda sokoni, huoga humo, hufua nguo humo. Kuufuata mto huo kwa hiari yake, kwa kutaka tu kuona unakoelekea, ni jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba linaruhusiwa. Mmarekani wa miaka 15 aliliandika bila kuomba ruhusa ya yeyote.

Siku hizi vijana wengi duniani huandika orodha kama ile ya Goddard: kupanda mlima, kujifunza ala ya muziki, kupika chakula cha kabila jingine, kulala msituni, kupanda ndege. Hata Goma na Masisi utakuta daftari la shule ambalo kurasa zake za mwisho zimeandikwa mambo ya namna hiyo. Wapo wazee na hata walimu wanaozicheka kurasa hizo. Mtu aliyewahi kulala chini ya turubai katika kambi ya Mugunga, wanasema, ana haja ya unga na mafuta ya kupikia, si ya gitaa. Maneno hayo yana huruma ndani yake, lakini yanamdhulumu kijana. Njaa haimwondolei mtu hamu ya kuona na kujua. Tena huko Masisi na Walikale, hamu hiyo ni miongoni mwa vitu vichache alivyobaki navyo ambavyo hakuna mtu aliyemgawia.

Mfikirie mtu aliyezaliwa Nyabiondo, katika Masisi, mwaka 2003, mwaka ambao vita vya pili vya Kongo vilitangazwa kuwa vimekwisha. Alipofika miaka 5, wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda walikuwa wameshika sehemu kubwa ya Masisi. Alipofika miaka 9, mwezi Novemba 2012, waasi wa M23 waliingia Goma kwa mara ya kwanza. Alipofika miaka 18, mwezi Mei 2021, Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Januari 2025 M23 iliiteka Masisi-kati, na kabla mwezi haujaisha Goma nayo ikaanguka. Machi mwaka huohuo waasi hao wakafika Walikale-kati, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mtu huyu ameona mambo mapya mengi kuliko vijana wengi wa umri wake popote duniani. Hakuchagua hata moja kati ya hayo.

Ndiyo maana orodha aliyoiandika mwenyewe ina uzito kwake kuliko ilivyo kwa kijana wa mji wenye amani. Masisi na Walikale hazimwachi kijana bila orodha, wengine walishamwandikia. Moja ni ya bunduki: makundi yenye silaha hayakosi nafasi, na hayaulizi diploma. Nyingine ni ya shimo. Rubaya, katika Masisi, hutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia kwa makadirio yanayotajwa na Umoja wa Mataifa, na tangu mwisho wa Aprili 2024 iko mikononi mwa M23. Walikale ina Bisie, ambako tangu mwaka 2002 maelfu ya wachimbaji walichimba kasiteriti, yaani madini ya bati, kwa mikono na kuibeba mgongoni kwa miguu kupitia msitu. Leo mgodi wa kampuni ya Alphamin mahali hapo hutoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Kuchimba si aibu, na wengi walijengea wazazi wao nyumba kwa kazi hiyo. Lakini kijana ambaye hajawahi kuonyeshwa kitu kingine hawezi kusemwa kwamba alichagua shimo.

Aonyeshwe nini basi? Hapa ndipo waandishi wengi wa orodha wanapokosea, kwa kujaza ukurasa mzima na Paris, Dubai na New York, miji ambayo wameiona kwenye simu, huku wakiruka mambo yaliyo umbali wa mwendo wa siku moja.

Masisi ina malisho yaliyo juu ya mita 2,000, na maziwa ya ng'ombe wa huko hutengenezwa fromaji inayojulikana Goma yote hadi Kinshasa. Ufundi huo uliletwa na wamisionari wa Ubelgiji, ukabaki mikononi mwa wenyeji. Maziwa hupashwa moto kidogo, hutiwa dawa ya kugandisha, mgando ukakatwakatwa, ukakamuliwa na kushindiliwa ndani ya kalibu ya duara, ukalowekwa kwenye maji ya chumvi, kisha ukapangwa kwenye rafu za mbao na kugeuzwa mara kwa mara hadi ukomae. Kijana anaweza kuchunga ng'ombe hao tangu utotoni asiingie hata siku moja kwenye chumba cha fromaji. Kujifunza kuitengeneza, kuanzia kukamua hadi kuonja, ni jambo ambalo Dubai haiwezi kumpa. Na mwenye shamba anayemkubali mwanafunzi mmoja kwa vakansi moja hapotezi kitu.

Yapo pia maziwa manne ya Mokoto, kubwa lao likiwa Ndalaga, pamoja na monasteri iliyoanzishwa na Watrapisti mwaka 1954. Mahali hapo ni pazuri mno, na ni mahali pa majonzi: Mei 1996 watu waliokuwa wamekimbilia kwa wamonaki waliuawa. Kijana Muhunde, Muhutu na Mtutsi wakienda pamoja kukaa kando ya Ndalaga watakuwa wamefanya jambo gumu kuliko kupanda mlima wowote, na pengine watarudi na maswali ambayo wazazi wao hawakuthubutu kuulizana. Safari ya namna hiyo haitawezekana kila mwezi wala kwa kila njia. Lakini kuiandika kwenye karatasi kabla siku yake haijafika kuna maana, kwa sababu anayeiandika ameshakubali kwamba siku hiyo itafika na kwamba hatakwenda peke yake.

Ukielekea magharibi unashuka. Baridi inabaki nyuma, migomba inaongezeka, kisha msitu mkubwa unaanza, na umeingia Walikale, ardhi yenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi. Ndani ya msitu huo wanaishi gorila wa Grauer, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 yaliwataja kuwa takriban 6,800. Wanaowafuatilia ni wana wa vijiji vya hukohuko: huondoka alfajiri wakifuata nyayo na majani yaliyovunjwa, hadi mahali kundi lilipolala. Kila gorila aliyeachishwa kunyonya hujitengenezea kiota kipya kila jioni, kwa hiyo kuhesabu viota asubuhi ni kuhesabu kundi. Tangu amri ya mwaka 2014, jumuiya za wenyeji zinaweza kupewa hati ya msitu wa hadi hektari 50,000, na baadhi ya jumuiya za Walikale zimeshaipata. Kijana akiandika kwamba anataka kutembea juma moja na watu wanaohesabu viota, anaandika kuhusu msitu ambao kesho yeye ndiye atakayetia saini juu yake. Watalii hulipa dola mamia kumwona gorila kwa saa moja. Mwenye msitu hapaswi kufa bila kumwona.

Kuna kizuizi ambacho hakuna hamu inayoweza kukiruka. Mwaka 2017 shirika la utafiti la IPIS la Ubelgiji, pamoja na wenzake, lilihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu mbili, vya jeshi, vya makundi yenye silaha na vya watoza ushuru wa kila aina. Kila kimoja kina bei yake. Mama anayebeba mihogo hulipa, motari hulipa, na kijana anayesema anakwenda tu kuona ziwa hutiliwa shaka kwanza, kisha hulipa. Barabara ya Sake hadi Masisi na kuendelea Walikale imekuwa mbovu kwa miaka mingi, hata huko Kilambo, katika Walikale, ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara yenyewe kupakia madini. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Serikali, waasi na wapatanishi wanapokaa mezani, husemwa sana juu ya madini na majeshi. Uhuru wa kijana wa miaka 20 kutoka Masisi kwenda Walikale na kurudi bila kulipa mtu ungestahili kuandikwa kwenye mikataba hiyo kwa herufi zilezile.

Kwa msichana kizuizi cha kwanza kiko nyumbani. Kaka yake akilala safarini ameona dunia. Yeye akilala safarini amepotea. Hofu ya wazazi si ya bure katika nchi ambayo wanawake wametendewa waliyotendewa, na hakuna haki ya kuwadharau kwa hilo. Bado lipo jambo la kufanya. Mwezi Mei 2021 Mtanzania Rawan Dakik alifika kilele cha Everest akiwa na miaka 20. Jambo kubwa namna hiyo halifanyiki bila watu wa nyumbani kukubali. Masisi haihitaji kuanza na Everest. Shangazi anayeambatana na wasichana watatu hadi Ndalaga ameshaondoa nusu ya hofu, na parokia inayopanga safari hiyo imeondoa nusu iliyobaki.

Wasemao kwamba mambo haya ni ya kigeni wamsikilize Mwindo. Wanyanga wa Walikale wana utendi wa mtoto aliyezaliwa akitembea, aliyekataliwa na baba yake, chifu Shemwindo wa Tubondo, kwa sababu hakutaka mtoto wa kiume. Mwindo anapita majini kumtafuta shangazi yake Iyangura, anashuka kuzimu akimfuata baba yake, na huko anapewa kazi: kulima shamba la migomba, kurina asali. Baadaye Nkuba, mwenye radi, anampandisha mbinguni, ambako mvua, jua na mwezi vinamfunza, naye anakatazwa kuua wanyama ovyo. Anarudi akiwa kijana mwingine, anayeweza kuongoza. Kabla Goddard hajazaliwa, msitu huu ulikuwa na mtu wake aliyepitia jambo baada ya jambo hadi akakomaa, na jamii nzima ilikaa usiku kumsikiliza.

Mwaka 1956, mwaka uleule Goddard alipokuwa kwenye Mto Kongo, mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck na Mnyanga Kahombo Mateene waliuandika utendi huo kutoka kinywani mwa Candi Rureke, aliyeuimba, kuusimulia na kuucheza kwa siku 12, kibuyu cha njuga mkononi. Kitabu kilitoka mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha California, na tangu hapo kinasomwa vyuoni ng'ambo. Inauma kufikiri kwamba mwanafunzi wa California anaweza kumjua Mwindo vizuri kuliko mwanafunzi wa Walikale-kati.

Hilo linaweza kuanza kurekebishwa vakansi ijayo, Julai na Agosti, mvua zinapopungua na njia zinapokauka. Shule za sekondari za Walikale zinaweza kumwalika mzee anayejua sehemu ya utendi, hata kama ni sehemu ndogo, zimlipe kama zinavyomlipa mwalimu wa ziada, na kuwapa wanafunzi kazi ya kumrekodi kwa simu. Wengi wana simu, na vibanda vya kuchaji kwa umeme wa jua vipo hadi vijijini. Sauti hizo zinakiliwe kwenye kadi zaidi ya moja, moja ibaki shuleni, nyingine iende Goma, nyingine kwa mwana wa kijiji aliye Kisangani au Kampala, kwa sababu shule za huku zimeshachomwa na zinaweza kuchomwa tena. Na mwanafunzi ambaye orodha yake bado haina kitu aanze na hiki: kumsikiliza mzee huyo kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kusimama mbele ya darasa na kukisimulia kipande kimoja yeye mwenyewe.