Gesi inayopenya sakafuni

Desemba 1984, jimboni Pennsylvania, Marekani, mhandisi mmoja alikuwa kila akipita kwenye mashine za kupimia mionzi kazini, kengele zinalia. Alifanya kazi kwenye kituo cha nyuklia, lakini kituo kilikuwa hakijaanza kuzalisha umeme. Tena kengele zililia hata alipokuwa anaingia asubuhi. Mionzi alitoka nayo nyumbani, anakolala na mke na watoto.

Chanzo kilikuwa radoni, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hutokana na madini ya urani yaliyomo kwenye miamba na udongo, yanayobadilika polepole yenyewe. Ikitokea uwanjani, upepo huitawanya. Ikipenya kwenye nyufa za sakafu hujikusanya ndani, hasa nyumba zenye vyumba vya chini ya ardhi na madirisha yanayofungwa kwa sababu ya baridi. Baada ya sigara, radoni ndiyo inayosababisha saratani ya mapafu kwa wingi, na mvutaji sigara huathirika zaidi.

Mzazi hawezi kuinusa. Hupimwa kwa kifaa kidogo kinachoachwa siku kadhaa kwenye ghorofa ya chini kabisa inayokaliwa na watu. Ikiwa nyingi, nyufa huzibwa, na bomba lenye feni huivuta kutoka chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa.

Familia ile ilihama, nyumba ikarekebishwa, na baada ya miezi kadhaa wakarudi kuishi humo humo.