Baba mkwe haniangalii!

Mwezi huu naleta la nyumbani kwangu, tena nilikuwa nimeapa sitalisema.

Mimi binti wa Tanga, nimelelewa Ngamiani. Kwetu mgeni akiingia hujamsalimia mpaka umemuuliza na habari za mbuzi wake. Mkubwa unampa shikamoo, unampokea mkono na kuubusu. Mume wangu Mnyakyusa wa Tukuyu. Tunaishi Tabata Kimanga, kushoto Mchaga mwenye duka, kulia Wahaya, mbele Wazaramo. Nikajiona mjuzi wa makabila!

Tukiwa na mwaka mmoja wa ndoa, baba mkwe akaja kutolewa mtoto wa jicho. Harusini hakuwepo, kwa hiyo ndiyo mara ya kwanza tunaonana. Nikapika samaki wa nazi. Mume wangu akaenda kumpokea kituo cha mabasi Mbezi, na walipobisha hodi tu nikamrukia mzee, "Shikamoo baba!" nikamshika mkono. Akauchomoa kama kaungua, akageukia ukutani. Ile marahaba aliupa mlango.

Basi ikawa ndiyo hivyo. Nikiingia sebuleni, anatoka. Nikitenga chakula, hali mpaka niondoke. Nami kadiri alivyonikwepa ndivyo nilivyozidisha: baba umeamkaje, baba chai, baba mbona huli? Siku ya nane nikamwambia mume wangu, kama baba yako hataki mwanamke wa Pwani humu ndani aseme, nirudi kwetu. Wanaume bwana! Akajibu tu, "Mzee ndivyo alivyo." Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Aliyeniokoa ni wifi yangu wa Mbagala. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka. "Wifi, unamtesa mzee!" Kwao, akanieleza, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Akimwona njiani anampisha, na jina lake halitaji. Ndiyo heshima yenyewe. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi na mumewe kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, aliyaandika haya kwa kirefu. Wamisionari walifika Rungwe tangu 1891, na vijana wengi wa leo hawayajali tena, lakini mzee wangu ni wa zamani. Kumbe kila nilipomsogelea kwa adabu ya Ngamiani nilikuwa nakanyaga adabu ya Tukuyu. Na kila alipotoka sebuleni, alikuwa ananipisha mimi.

Niliona aibu, jamani. Nikakumbuka msiba wa jirani yetu Mzaramo, mtani wake Mnyamwezi alipozuia jeneza lisitoke mpaka apewe hela. Nusura nipige simu polisi, na wafiwa wenyewe wanacheka!

Ila kujua ni kitu kimoja, kuishi nako ni kingine. Mzee alipotoka hospitali alitakiwa kutiwa dawa ya matone mara kadhaa kwa siku, mume wangu yuko kazini, na nyumbani niko mimi peke yangu. Utamtiaje mtu dawa ya macho bila kumwangalia? Niseme ukweli, kuna saa nilitaka kumwambia hapa ni Dar, mila tuziache Mbezi. Lile jicho lingeharibika, nani angebeba lawama? Wifi akaniachia binti yake wa miaka tisa, shule zilikuwa zimefungwa.

Mimi nikawa nasimama nyuma ya pazia. "Mwambie babu alale chali." Mtoto anasema. "Mwambie mama nimelala." Mtoto anarudisha, eti kama mimi kiziwi. "Tone moja tu, nawa mikono kwanza!" Baada ya siku tatu mzee akaanza kutuma maneno yasiyo ya dawa: mwambie mama samaki wa jana ametulia. Mwambie mama asibebe ndoo nzito. Siku ya kuondoka mtoto akaniletea, "Babu anasema ndaga fijo." Ndiyo asante sana ya kwao. Nililia jikoni.

Mwezi uliopita simu ikaita, namba ya Tukuyu. Nikajua anamtafuta mwanawe. "Hapana mama, nakutaka wewe." Akanieleza mvua, akanieleza bei ya parachichi, akauliza yule samaki nazi inaingia saa ngapi. Kwenye simu hakuna sura, hakuna wa kumpisha mwenziwe. Tuliongea mpaka salio lake likakata.