Mambo ya Jikoni: Kuku na Maharagwe Katika Chungu Kimoja

Mwezi huu twataka kunena juu ya chungu kimoja kiwezacho kushibisha nyumba nzima kwa kuku mmoja tu. Maneno haya si ya akina mama peke yao, maana katika nyumba nyingi agawaye nyama ni baba.

Mapishi ya namna hii hupendwa sana huko Marekani. Watu wa Texas hupika nyama kwa pilipili na bizari nyembamba, na mwaka 1977 baraza lao lilikitangaza kuwa chakula cha jimbo. Mahali pengine hutia kuku na maharagwe. Nasi twaweza kupika vivyo hivyo, kwa kuwa vyote vimo sokoni petu. Hata maharagwe, nyanya na pilipili, ambavyo wengi hudhani ni vya asili ya kwetu, vilitoka Amerika vikaletwa Afrika baada ya mwaka 1492.

Twaa vikombe 2 vya maharagwe makavu, uondoe mawe, uyaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, tia maji mapya, uyachemshe kwa moto mkali nusu saa. Jambo hili lisipuuzwe: maharagwe mekundu mabichi yana sumu iletayo kutapika na kuhara, na moto mdogo usiochemsha hauiondoi. Kisha tia kuku aliyekatwa vipande, pamoja na kitunguu saumu, funika, upunguze moto. Kuku mzee huhitaji saa 2 hivi. Kuku mchanga mtie maharagwe yanapokaribia kuiva. Maji yakipungua, ongeza ya moto.

Nyanya zisitangulie, kwa sababu ukali wake huyazuia maharagwe yasilainike. Vyote vikiisha kuiva, ndipo utie vitunguu 2, nyanya 4, kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba iliyopondwa, na chumvi. Uache vichemke polepole nusu saa, hata mchuzi uwe mzito. Pakua sehemu ya watoto wadogo, uondoe mifupa yote, ndipo utie pilipili kwa ajili ya wakubwa. Chakula hiki huliwa kwa ugali au wali.

Tumesema sehemu ya watoto ipakuliwe kwanza, nasi tuna sababu. Mahali pengi ilikuwa desturi kuku awe chakula cha wanaume na wageni. Zamani katika Buganda wanawake hawakula kuku wala mayai. Na mtoto aliyeachishwa ziwa, kwa kuwa amezaliwa mwingine, mara nyingi alibakiwa na uji mtupu. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za watoto waliolishwa mahindi karibu peke yake: miguu yao ilivimba, ngozi ikaambuka, na wengi wakafa. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyepishwa na mdogo wake. Mtoto akiisha kuvimba hivyo, chungu hiki si dawa yake. Apelekwe hospitali upesi. Bali aliye mzima na alishwe vema kabla hajaugua.

Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, nasi twamwona mpumbavu. Je, baba alaye paja na firigisi huku mwanawe akitazama, yeye auza nini? Basi enyi akina baba, siku chungu hiki kitakapopikwa kwenu, twaeni upawa kwa mkono wenu wenyewe, mkaanze na aliye mdogo kuliko wote. Maharagwe ni mengi; hata atakayepakuliwa mwisho atashiba.