Jaribu kwanza kwenye mkono



Safari hii wengine mtacheka: Pasta anaandika juu ya mafuta ya kupakala! Ngojeni kwanza.

Siku ya nne asubuhi binti mmoja wa kwaya aligonga mlango wetu, kitambaa juu ya uso. Ndoa yake ilikuwa siku ya posho. Alipokiondoa kile kitambaa, bibi yangu alishika kinywa. Macho yalivimba hata yakafungana, na mashavu yalijaa malengelenge madogo yanayotoka maji. "Baba Pasta, nilipakala mara moya tu," akalia. "Yaya alisema uso utaangaza siku ya ndoa."

Nitasema kweli: mimi nilianza kumgombeza. Nilifikiri alitaka kugeuza rangi yake, nikaanza mahubiri palepale mlangoni. Bibi yangu akanikata: "Baba, acha hiyo, mtoto anaumwa." Alikuwa na haki. Akamnawisha uso kwa maji mengi ya baridi, akampeleka kwa munganga. Ndoa ilifanyika, lakini katika picha zote kitambaa cha arusi kimefunika uso.

Munganga alimwuliza neno moja: "Kwa nini hukujaribu kwanza kwenye mkono?" Sisi hatukujua kama kuna kujaribu. Sasa tunajua, nami nataka wewe pia ujue, maana haiombi hata falanka moja.

Ukinunua mafuta mapya, usiyapeleke kwenye uso. Chukua kidogo, upake ndani ya mkono, pale unapokunjika, mahali padogo kama kifuniko cha chupa. Fanya hivyo asubuhi na magaribi, palepale, siku saba mpaka kumi. Najua utasema ni nyingi. Lakini ngozi haisemi yote siku ya kwanza. Kitu kikali kinaweza kuchoma mara moja, ndiyo. Lakini ile hali ya mwili kukataa kitu (waganga wanaita aleji) mara nyingi inaonekana kisha siku mbili au tatu, hata zaidi. Mtu anayejaribu usiku mmoja tu anajidanganya. Kama ni sabuni, usiiache ikauke pale: paka, ngoja kama dakika tano, kisha osha.

Ukiona panawasha, panakuwa pekundu, panavimba, osha na maji na uache kabisa. Usiseme "labda ngozi itazoea." Na kama midomo au ulimi unavimba, au pumzi inakuwa ngumu, hapo si neno la kungojea: kimbia hospitali.

Ninyi mnaochimba na kuosha mawe, mna neno lenu. Vumbi la cobalt linaweza kufanya ngozi ya mtu iwe na aleji, na nickel vilevile, ile inayokaa katika mikanda ya saa na hereni za bei chini. Kama mikono yako tayari inawasha kwa sababu ya kazi, usijaribu mafuta juu ya ngozi hiyo. Hutajua kama ni mawe au ni mafuta. Ngoja ipone.

Na wazee wenzangu mnaoficha mvi (ninawajua, hata katika baraza la kanisa!), rangi nyeusi ya nywele ndiyo mbaya kupita mengine. Ndani yake mara nyingi kuna dawa inayoitwa PPD, inayoweza kuvimbisha kichwa chote. Fuata maandiko ya kwenye kisanduku, jaribu saa 48 mbele, na ujaribu kila safari, maana mtu anaweza kuitumia miaka mingi bila neno, kisha siku moja mwili unakataa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokamatwa mimi mwenyewe. Kisha kufundisha mambo haya kwa vijana, dada mmoja alirudi na kopo yake, furaha tele. "Baba Pasta, nilijaribu siku kumi, hakuna kitu. Niko na ruhusa?" Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Bibi yangu akaigeuza ile kopo, akasoma: clobétasol. Hiyo ni dawa ya hospitali, kali sana, inayotuliza ngozi inayowasha. Inawezaje kuonyesha wekundu, na kazi yake ni kuufuta? Mkono utanyamaza siku kumi, na kisha miezi ngozi itakuwa nyembamba, itapasuka mistari, na vidonda vitakawia kupona. Mkono haukudanganya, ni sisi tuliouliza ulizo ambalo hauwezi kujibu.

Ni vilevile na hydroquinone, ambayo Ulaya waliikataza katika mafuta ya uso tangu 2001: kisha muda mrefu inaweza kuleta weusi wa bluu palepale mtu alipotafuta weupe. Na mercure, inayoandikwa pengine calomel, inaharibu figo, inamfikia mtoto tumboni, na kupitia taulo inawafikia hata wale ambao hawakupakala. Mkataba wa Minamata, ulioanza kazi 2017, unakataza mafuta ya namna hiyo. Sokoni bado utayakuta. Ukiona majina hayo, au kopo isiyo na maandiko yoyote, usiipeleke hata kwenye mkono.

Kama umekwisha kupakala clobétasol muda mrefu, usiache ghafula peke yako, maana uso unaweza kuwaka kama moto. Mwone munganga, akuachishe polepole. Wala usione haya. Mimi siko mlangoni na mahubiri tena.

Mkutano wa wamama ni siku ya nne, saa tisa. Leteni makopo yenu, hata yale mnayoficha chini ya kitanda. Infirmière wetu atasoma maandiko pamoja nanyi. Yaya wa yule binti amekwisha kuleta ya kwake, mbili.