Makaa ya Mui Hayatatufanya Australia

Kuna imani iliyokita mizizi Ukambani, na hapa sokoni Kwa Vonza naisikia karibu kila wiki: kwamba sisi si maskini, ila tumekalia mali. Mali yenyewe ni makaa ya mawe ya bonde la Mui, chokaa ya Kitui Kusini, na chochote kingine atakachokiona mtu mwenye mashine ya kupima miamba. Siku vikichimbwa, watu wanasema, njaa itabaki hadithi ya wazee. Na wanaotaka kuonyesha kwamba wamesoma huongeza mfano: tazama Australia, nchi kame yenye udongo mwekundu kama wetu, ilichimba ardhi yake ikatajirika.

Imani hii si ya kweli, na kila mwaka tunaoishikilia tunapoteza kitu.

Tuanze na Australia yenyewe, maana inatajwa sana na watu wasioitazama. Ni kweli inauza chuma cha Pilbara na makaa ya Queensland kwa wingi wa kutisha. Lakini swali la nani anafaidi chuma hicho limewagombanisha Waaustralia kwa miaka mingi, na si mara zote raia ameshinda. Mwezi Mei 2010 waziri mkuu Kevin Rudd alitangaza kodi ya asilimia 40 juu ya faida ya ziada ya makampuni ya madini. Hoja yake ilieleweka: bei zimepanda kwa sababu ya mahitaji ya China, wachimbaji wanavuna kuliko walivyotarajia, na madini ni ya umma, basi umma upate fungu katika hicho kilichozidi. Makampuni yakamwaga takriban dola milioni 22 za Australia katika matangazo kwa wiki chache tu. Tarehe 24 Juni mwaka huo huo Rudd hakuwa waziri mkuu tena. Chama chake chenyewe kilimwondoa, na ingawa kodi haikuwa sababu pekee, vita vile vilimmaliza nguvu.

Aliyemrithi, Julia Gillard, alikaa mezani na makampuni makubwa wakapunguza kodi hiyo hadi ikawa kivuli. Ilipoanza Julai 2012, miezi sita ya kwanza ilileta dola milioni 126, ilhali serikali ilikuwa imepanga kupata dola bilioni 2 kwa mwaka. Mwaka 2014 serikali ya Tony Abbott ikaifuta kabisa. Hii ni nchi yenye mahakama imara, wanahabari wasioogopa na vyama vya wafanyakazi vyenye historia ya zaidi ya karne moja. Kama wao walishindwa namna hiyo mbele ya wachimbaji, sisi tunaotia saini gizani tunatarajia nini?

Australia hiyo hiyo inatupa ushahidi mwingine. Jimbo la Australia Magharibi liliweka sharti mwaka 2006 kwamba makampuni ya gesi yatenge kiasi cha asilimia 15 kwa matumizi ya nyumbani. Upande wa mashariki haukuweka sharti kama hilo. Meli zilipoanza kubeba gesi kutoka bandari ya Gladstone mwaka 2015, bei ya gesi kwa viwanda na familia za mashariki ilipanda vibaya, huku wenzao wa magharibi wakikingwa. Nchi moja, gesi ile ile, tofauti ni sharti lililoandikwa mapema. Na mwaka 2022 Queensland ilipandisha mrabaha wa makaa, hadi asilimia 40 kwa ile sehemu ya bei inayovuka dola 300 za Australia kwa tani. Makampuni yalilalamika kwa sauti kubwa. Jimbo halikurudi nyuma, na hazina yake ikapata mapato ya makaa ambayo haikuwahi kuyaona.

Basi anayesema jiwe ndilo lililoitajirisha Australia hajatazama vizuri. Jiwe lilikuwepo siku zote. Wenyeji wa asili wa nchi ile walikaa juu ya chuma hicho kwa maelfu ya miaka, na chuma kilipopata bei, wao hawakuwa wa kwanza kula. Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, mahali patakatifu pa watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, palipokuwa na alama za maisha ya binadamu za miaka 46,000. Kampuni ilikuwa na kibali cha kisheria. Wakuu wake walijiuzulu baadaye, lakini mapango hayarudi. Kwetu Ukambani ambako bado kuna mathembo, yaani mahali petu patakatifu, na wazee wanaojua ni mti gani haukatwi, habari hiyo yafaa isomwe polepole.

Kwa wanaosema Australia ni mbali, nawarudisha Kwale. Kampuni ya Base Titanium, iliyomilikiwa na Base Resources ya mjini Perth, ilianza kuchimba mchanga wa titani huko mwishoni mwa 2013. Familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa. Madini yakasafirishwa kupitia Likoni, na kwa miaka kadhaa mgodi huo mmoja ulibeba zaidi ya nusu ya thamani ya madini yote ya Kenya. Desemba 2024 uchimbaji ulikoma kwa sababu madini yaliyofaa kuchimbwa yalikwisha. Miaka kumi na moja tu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mgodi ulipofunguliwa hakuwa amemaliza sekondari ulipofungwa.

Sitasema kampuni hiyo iliiba. Ilijenga shule na zahanati, ilisomesha vijana, iliajiri watu. Ninachosema ni kwamba Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi palipochimbwa. Sheria ilikuwepo. Wakazi wa Kwale walikaa miaka wakiiulizia ile asilimia 10, huku malori yakipita mbele ya nyumba zao kila siku. Madini yaliondoka kwa ratiba, fedha za jamii hazikuwa na ratiba. Huo ndio mgodi mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuwa nao Kenya, na mwekezaji alitoka katika nchi hiyo hiyo tunayoambiwa tuiige.

Sasa rudi Mui. Makaa yalipatikana, kampuni ya Fenxi ya China ikapewa vitalu viwili, C na D, na mwishoni mwa 2013 mkataba wa kugawana manufaa ukatiwa saini kwa shangwe. Kitalu C pekee kilisemwa kina tani milioni 400. Zaidi ya miaka kumi imepita na hakuna aliyepika hata chai kwa makaa hayo. Lakini wakazi wameishi muda huo wote kwa wasiwasi: wajenge nyumba ya kudumu au wasijenge? Wapande miembe, au watahamishwa kabla haijazaa? Wengi hawana hati miliki, na asiye na hati hana nguvu siku ya fidia. Hasara ya aina hii haiandikwi katika ripoti yoyote, nayo ni hasara kubwa. Mtu anayengoja utajiri wa kesho huacha kulima wa leo.

Hapo ndipo imani hii inaponiuma zaidi, kwa sababu tayari tuna machimbo, tena ya muda mrefu, na hatuyaiti hivyo. Nasema mchanga. Malori yamebeba mchanga wa mito yetu kwenda kujenga Nairobi kwa miongo. Nani alitajirika? Kijana anayepakia hulipwa ujira wa kibarua, dalali na mwenye lori wakaondoka na kilichobaki, na mto ukabaki mwamba mtupu. Mto wa msimu kama Tiva hauna maji juu kwa miezi mingi, lakini chini ya mchanga wake yamo. Mchanga mzuri hushika maji kati ya chembe zake, robo ya ujazo wake na hata zaidi, bila jua kuyafikia, na mama akichimba kidogo tu anateka. Ukiuondoa mchanga, mvua ikinyesha maji yanapita mbio na kupotea, na mama huyo anaongeza kilomita katika safari yake ya mtungi.

Majirani zetu wa Makueni waliliona hilo. Mwaka 2015 walitunga sheria ya kaunti ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Hapa Kitui, shirika la SASOL limeshirikiana na wanavijiji tangu miaka ya 1990 kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe unakatiza mto, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanakaa. Hakuna mwekezaji wa ng'ambo aliyehitajika, ni mawe, saruji na mikono ya wanakijiji. Mchanga ule ule ukiwa ndani ya mto ni mali ya miaka hamsini, ukiwa ndani ya lori ni mali ya jioni moja. Ajabu ni kwamba hatumwiti tajiri mwenye kijiji chenye bwawa la mchanga, ila tunamwita tajiri mwenye makaa ambayo hajawahi kuyaona.

Wala Kwa Vonza yenyewe haikujengwa na madini. Kilichoifanya iwe zaidi ya kituo cha magari katika barabara ya Machakos kwenda Kitui ni chuo. Miaka ya 1970 Wakamba walichanga kwa harambee kuanzisha taasisi ya kilimo hapa; taasisi hiyo ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008, na Machi 2013 ikapata hati yake kama Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Tembea sokoni uone: vyumba vya kupanga, vibanda vya chakula, duka la kuchapisha karatasi, bodaboda. Yote yanakula kutokana na uamuzi uliofanywa na wazazi waliotoa mbuzi na shilingi zao. Walichokiweka ardhini hakikuisha baada ya miaka kumi na moja.

Sisemi madini yasichimbwe milele. Nasema tuache kuuliza yatachimbwa lini, tuanze kuuliza yameandikiwa mkataba gani. Katiba yetu, Ibara ya 71, inataka mikataba mikubwa ya rasilimali iidhinishwe na Bunge, na Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kabla ya mashine kufika, hati miliki zitolewe. Kabla ya saini, mkataba usomwe barazani kwa Kiswahili na Kikamba, mwanzo hadi mwisho, kiwango cha mrabaha kikiwemo, na siku ambayo asilimia 10 ya jamii italipwa, na akaunti itakakolipwa. Asiyekubali kusomewa ameshakupa jibu lake.

Uchaguzi wa 2027 unakuja, na makaa ya Mui yatatajwa tena katika kila jukwaa. Mheshimiwa atakapopanda gari lake hapa Kwa Vonza na kusema mmekalia mali, msipige makofi kwanza. Mwombeni mkataba, na mumwambie ausome kwa sauti.