Foleni ya Maskini
Jumatano nilimsindikiza binti yangu kliniki, huku Homa Bay, mjukuu akachomwa sindano ya chanjo ya malaria. Alilia kidogo, akanyonya, akalala. Mimi ndiye niliyebaki nimeduwaa. Utotoni dawa yetu ilikuwa klorokwini, chungu kama shubiri, halafu unajikuna usiku kucha. Chanjo hii, RTS,S, ilibuniwa 1987, lakini Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto 2021. Miaka 34! Ya korona ilipatikana kabla mwaka haujaisha. Foleni ya maskini haisogei, hata mbele ya maabara. Wasituambie sayansi ilikuwa ngumu tu. Waliokuwa wakizika watoto hawakuwa wateja. Bado dozi tatu, na binti ameshaziweka tarehe kwenye simu.