Udhamini si Fadhila

Kuna maneno mawili ambayo magazeti yetu, ofisi zetu, na hata sisi walimu, huyatumia kana kwamba ni pacha: ufadhili na udhamini. Ukiyachunguza utaona ni ndugu wa mbali. Ufadhili umetokana na fadhila, yaani wema atendao mtu kwa hiari yake pasipo kudai malipo. Udhamini umetokana na dhamana, na dhamana ni ahadi yenye kufunga pande zote. Anayemdhamini mshtakiwa mahakamani hamtendei hisani tu. Ametia saini, na mshtakiwa akitoroka, mdhamini ndiye atakayeulizwa.

Tofauti hii haiishii katika kamusi. Wanafunzi huniletea barua za kuyaomba makampuni msaada ili niwasahihishie lugha. Mojawapo iliandikwa na kijana wa ridhaa anayeshindana kuruka viunzi juu ya farasi wa kuazima. Sarufi yake haikuwa na dosari. Hata hivyo, kila aya ilikuwa imepiga magoti: “nawasihi”, “kwa unyenyekevu mkubwa”, “Mungu awazidishie”. Hapakuwa na sentensi hata moja iliyoieleza kampuni itapata nini. Kijana aliomba fadhila kwa watu ambao kazi yao ni kufanya biashara.

Najua yupo atakayeuliza: farasi wanatuhusu nini? Si mchezo wa matajiri wa Karen na watazamaji wa uwanja wa Ngong? Swali hilo ni halali. Mchezo huu uliletwa na wakoloni, na hadi leo gharama zake ni kama ukuta. Farasi hula kila siku, ashindane asishindane. Kwato zake huhitaji fundi kila baada ya wiki sita hadi nane. Kuna daktari wa mifugo, matandiko, hatamu, kofia ngumu ya mpandaji, na lori la kumsafirisha mnyama. Lakini ni nani amfahamuye farasi kuliko saisi anayemlisha na kumsugua alfajiri? Mtoto wa saisi akiwa na kipawa, baba yake hana zizi la kumrithisha. Mlango alio nao ni udhamini. Tukisema mchezo ni wa matajiri kisha tukaufunga mlango huo, sisi wenyewe tutakuwa tumewaachia matajiri.

Historia ya mchezo huu inalo funzo kuhusu neno ridhaa. Katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1948, timu ya Uswidi ilishinda dhahabu katika mashindano ya farasi ya kuonyesha mwendo na utiifu. Mwaka uliofuata ilipokonywa ushindi. Kosa lilikuwa nini? Mmoja wa wapandaji wake, Gehnäll Persson, hakuwa afisa halisi wa jeshi bali sajini, aliyepandishwa cheo kwa muda ili aweze kushiriki. Kwa kanuni za wakati ule, afisa aliyelipwa mshahara na serikali alihesabiwa kuwa mpandaji wa ridhaa, ilhali sajini aliyelipwa na serikali ile ile hakuhesabiwa hivyo. Kanuni ilibadilishwa, na mwaka 1952 huko Helsinki wapandaji wale wale watatu, Persson akiwemo, walishinda dhahabu tena. Katika mashindano hayo hayo wanawake nao waliruhusiwa kwa mara ya kwanza, na Lis Hartel wa Denmark akapata fedha.

Basi neno la ridhaa lilitumiwa kama pazia la kutenganisha matabaka. Hilo halimaanishi kwamba neno lenyewe halina thamani. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kuwa amependa, na hapo ndipo penye hatari ya udhamini: mwenye fedha anaweza kununua kukubali kwako. Nchini Uingereza, yapata mwaka 1980, mpandaji mashuhuri Harvey Smith alishindana na farasi aliyeitwa Sanyo Music Centre. Jina la kampuni ya Japani ya vyombo vya umeme, pamoja na bidhaa yake, lilikuwa ndilo jina la mnyama, na kila mtangazaji aliyemtaja farasi aliitangaza kampuni, apende asipende. Smith alijua anachouza. Je, kijana wetu wa miaka 17 anajua?

Kwa hiyo barua ya udhamini inapasa kuwa barua ya mtu anayejua mipaka yake. Kwanza, itaje mahitaji kwa hesabu: chakula cha miezi mingapi, safari ngapi, shilingi ngapi. Pili, itaje malipo yake: jina la biashara kwenye kitambaa kilicho chini ya tandiko au ubavuni mwa lori, picha, taarifa kila baada ya mashindano, labda siku moja ya kuwakaribisha watoto wa wafanyakazi zizini. Tatu, iseme mkataba utadumu hadi lini, na itakuwaje farasi akichechemea au mtihani wa taifa ukiwadia. Nne, kabla ya saini, kanuni za chama cha mchezo zisomwe, kwa maana huweka mipaka ya ukubwa wa matangazo na mahali pa kuyaweka. Asiyetimiza miaka 18 asimamiwe na mzazi au mlezi.

Zaidi ya yote, barua iseme kweli. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, umefanya masharti ya kuwapeleka farasi wetu Ulaya kuwa magumu mno. Anayemwahidi mwenye duka medali ya Olimpiki anamdanganya. Afadhali aahidi kilichopo: mashindano ya nyumbani, ambako watazamaji ni wafugaji na wazazi wanaoweza kuwa wateja wa duka hilo. Ndiyo sababu mwenye kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo huenda akamfaa kuliko benki kubwa. Yeye anaweza kutoa magunia badala ya fedha, na magunia hayo yakampa jina.

Walimu wenzangu, hapa ndipo penye kazi yetu. Tumewafundisha wanafunzi barua rasmi kwa miaka mingi, na tumewapa alama kwa anwani, mtajo na kimalizio. Unyenyekevu tumeutuza, hoja tumeisahau. Sasa mtaala wa umilisi umeanzisha katika shule za upili za juu mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Itakuwa ajabu kumfundisha kijana jinsi misuli inavyofanya kazi, kisha tumwache bila lugha ya kujadiliana na atakayemlipia gharama. Somo hilo la kujadiliana ni la Kiswahili kama lilivyo la biashara.

Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Anayeishi kwa fadhila hana wa kumlalamikia siku fadhila itakapokoma, kwani hakuna kilichoandikwa. Lakini mwenye dhamana mkononi anaweza kuidai, kama vile mdhamini wake anavyoweza kumdai yeye. Tuwafundishe vijana wetu kuandika wakiwa wamesimama wima, wakitaja wanachokitoa kabla ya wanachokiomba, na wakijua ni lipi katika ridhaa yao lisilouzwa kwa bei yoyote.